Kilichofichwa Kimeorodheshwa, Kilicho Wazi Kimeachwa: Historia ya Kuorodhesha Sanaa ya Handeni na Korogwe



1.0 Utangulizi

Imekuwa kawaida katika vikao vya wasomi na vya watunga sera kusikia kwamba sanaa za jamii zetu zimo hatarini kupotea, na kwamba dawa yake ni kuziorodhesha zote katika hifadhidata, au kanzidata kama wengine wanavyopenda kuiita, ambayo mtu yeyote popote alipo aweza kuifungua kwa kompyuta au kwa simu yake. Mhadhara huu haukusudii kulipinga pendekezo hilo. Unakusudia kuuliza swali linalolitangulia: ni sanaa ipi iliyokwisha kuorodheshwa, nani aliyeiorodhesha, kwa lugha gani, na ni ipi iliyoachwa nje ya orodha?

Ili swali hilo lisielee hewani, tutalifunga katika wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, yaani Handeni na Korogwe. Ni vyema ikumbukwe kwamba Wilaya ya Kilindi, yenye milima ya Nguu, ilikuwa sehemu ya Handeni hadi mwaka 2002. Kwa hiyo jina "Handeni" katika maandishi ya kabla ya mwaka huo linahusu eneo kubwa kuliko lihusulo leo.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba historia ya uorodheshaji katika eneo hili imekwenda kinyume na matarajio. Sanaa iliyofanywa faraghani, ili ionwe na wachache kwa muda mfupi, ndiyo iliyopigwa picha, ikachapishwa London na kuhifadhiwa katika makumbusho. Sanaa iliyowekwa barabarani, sokoni na vituoni ili kila mpita njia aione, ndiyo ambayo haina orodha. Hifadhidata itakayojengwa bila kuitambua historia hiyo itakuwa imehamisha kosa la zamani kutoka kwenye karatasi na kulitia kwenye mtandao.

2.0 Dhana ya hadhara

Wataalamu wanapozungumzia sanaa iliyo mahali pa watu wote, Kiswahili kinatupa maneno mawili ya kuchagua: umma na hadhara. Maneno haya hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja, lakini mzungumzaji makini anajua tofauti yake. Umma ni watu wote kwa jumla, wawepo au wasiwepo. Hadhara ni watu waliopo mahali fulani kwa wakati fulani. Asili yake ni katika Kiarabu, na ndani yake mna wazo la kuhudhuria. Jambo lililosemwa hadharani limesemwa mbele ya waliohudhuria. Kwa hiyo hadhara ina mipaka na ina sura za watu, hali umma hauna mipaka wala sura.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa mada yetu. Wanawake waliokusanyika kumfunda mwali ni hadhara. Humo ndani nyimbo huimbwa kwa sauti, vitu huonyeshwa na maana yake huelezwa bila haya. Hakuna siri kwa aliyepita. Siri ni kwa ambaye hajapita. Vivyo hivyo kwa wanaume waliopita jandoni. Sanaa ya unyago, basi, si sanaa isiyo na hadhara. Ni sanaa ya hadhara ndogo, inayochagua watazamaji wake, na kule kuchagua ni sehemu ya maana yake.

Hata kanga, vazi linaloonekana na kila mtu, lina ngazi za namna hiyo. Mwanamke anayepita sokoni Korogwe amevaa kanga yenye jina la mafumbo anasomwa na soko zima, lakini huenda maneno yale yamelengwa kwa mtu mmoja tu, naye akiyaona atajua ni yeye. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Orodha itakayoandika rangi ya kanga, mwaka wake na kiwanda chake, isiandike kwamba lile jina ni usemi unaoelekezwa kwa mtu, itakuwa imeorodhesha kitambaa na kuacha kanga.

3.0 Eneo na watu wake

Wenyeji wa eneo letu ni Wazigua, Wanguu, Wasambaa na Wabondei. Lugha zao nne zina udugu wa karibu kiasi kwamba wanaisimu, tangu kazi ya Hinnebusch, Nurse na Mould ya mwaka 1981, wanazikusanya katika kundi moja liitwalo Seuta. Kwa upande wa mfumo wa jamii, Wazigua na Wanguu hufuata ukoo wa mama, na Beidelman katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1967 aliwaweka pamoja na Wazaramo, Wakwere, Waluguru na Wakaguru katika jamii za ukoo wa mama za mashariki ya Tanzania. Jambo hili linaonekana katika sanaa. Sanamu ndogo ya mti inayojulikana kama mwana hiti, yenye kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu na kichwa chenye mashungi mawili, inapatikana katika jamii kadhaa za kundi hili, Wazigua wakiwamo. Kazi yake mashuhuri ni kuwa pamoja na mwali wakati anapowekwa ndani.

Lakini eneo hili halikubaki la wenyeji peke yao. Ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Mwaka uleule wa 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini, na bonde la Pangani likawa katika muda mfupi eneo la mashamba makubwa. Mashamba hayo yalivuta vibarua kutoka kusini mwa nchi, kutoka magharibi na kutoka ng'ambo ya Ruvuma na Burundi. Kambi ya mkonge ilikuwa mahali ambapo mtu alilala karibu na jirani asiyejua lugha ya mama yake, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alipita katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alikofariki mwaka 1972.

Kwa hiyo tunazo Handeni na Korogwe mbili zilizokaa pahali pamoja: ile ya ukoo, unyago na mwana hiti, na ile ya reli, mkonge, stendi na Kiswahili. Waorodheshaji waliiona ya kwanza. Ya pili waliipita njiani wakienda kuitafuta ya kwanza.

4.0 Namna kilichofichwa kilivyoorodheshwa

Mtu aliyefanya zaidi ya wengine katika kuorodhesha sanaa ya faragha ya eneo hili ni Hans Cory, aliyezaliwa Vienna mwaka 1888 kwa jina la Koritschoner. Aliishi Tanganyika kwa miongo mingi na hatimaye akawa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1944 alichapisha katika jarida la Africa makala juu ya visanamu vilivyotumika katika mafunzo ya jando na unyago ya Wanguu. Mwaka 1956 kampuni ya Faber and Faber ya London ilitoa kitabu chake, African Figurines, kinachoshughulikia visanamu vya aina hiyo kutoka jamii mbalimbali za Tanganyika, zile za kaskazini mashariki zikiwa na nafasi kubwa. Visanamu alivyokusanya viliingia katika makumbusho ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano na ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Visanamu hivyo ni vya udongo, vingi vya ukubwa wa kushikwa mkononi: mtu, mnyama, nyumba, chombo cha jikoni. Kila kimoja kina wimbo wake. Mwalimu alikionyesha, wimbo ukaimbwa, kisha maana ikafunuliwa: juu ya heshima kwa wakwe, juu ya kutunza nyumba, juu ya hatari ya uzinzi, juu ya wajibu wa mtu aliyetoka utotoni. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mkato na wa mafumbo, na kisanamu kilikuwa nusu ya fumbo hilo. Anayekiona bila wimbo haoni kitu zaidi ya udongo ulioumbwa. Anayeusikia wimbo bila kukiona hasikii zaidi ya maneno yasiyokamilika. Si ajabu kwamba vyombo hivi vya mafunzo na shughuli ya mafunzo vimekaribiana hata katika lugha: unyago na kinyago ni maneno yenye umbo moja la shina.

Kwa haki yake, Cory alilitambua jambo hilo. Hakuandika ukubwa na umbo peke yake; aliandika na nyimbo katika lugha zake za asili, akazitafsiri, akaeleza fundisho. Katika hili kazi yake inazishinda orodha nyingi za makumbusho za wakati wake, na hata nyingi za wakati wetu, ambazo huridhika na maneno kama "sanamu ya mwanamke, udongo, Afrika Mashariki". Mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kizigua au ya Kisambaa hawezi kukipuuza kitabu hiki.

Hata hivyo, ni lazima tuseme kile ambacho kitabu hakikuweza kukwepa. Kwa kuweka picha, wimbo na maana katika ukurasa mmoja, kilifungua fumbo mara moja kwa wote. Msomaji wake hahitaji kuwekwa ndani wala kupita jandoni. Anahitaji bei ya kitabu. Mafunzo yaliyokuwa yakitolewa kwa hatua, kila kitu kwa siku yake na kwa mtu aliyefikia, yaligeuzwa kuwa jedwali. Kitu kilichoumbwa ili kitumike kisha kiondolewe machoni kilipewa namba na kabati la kioo.

Kazi nyingine ya Cory inaonyesha kwamba jambo hili halikuwa la bahati. Mwaka 1953 alichapisha kitabu juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka huko Usukumani. Michoro ile nayo ilikuwa ndani ya nyumba za chama chenye miiko yake, kwa macho ya wanachama. Mara mbili, basi, mwandishi yuleyule alipotafuta sanaa ya Tanganyika ya kuiorodhesha, aliikuta nyuma ya mlango uliofungwa. Sababu zake si ngumu kuzitambua. Serikali ya kikoloni ilitaka kuijua jamii kwa ndani ili iweze kuitawala. Wasomi wa Ulaya waliamini kwamba Afrika ya kweli ni ile iliyofichika, na kwamba kilicho wazi kimekwisha kuharibiwa na mchanganyiko. Na soko la sanaa lilithamini zaidi kitu kilichohusishwa na ibada kuliko kitu kilichohusishwa na biashara.

5.0 Namna kilicho wazi kilivyoachwa

Tuitazame sasa sanaa ambayo haikuhitaji kibali chochote kuonekana. Segera, katika Wilaya ya Handeni, ni njia panda inapogawanyika barabara itokayo Dar es Salaam: moja kuelekea Tanga, nyingine kupitia Korogwe kwenda Moshi na Arusha. Kwa miongo mingi mabasi na malori yamepita hapo yakiwa na maandishi na michoro: methali, dua, majigambo, majina ya wachezaji mpira, mafumbo kwa mahasimu. Kandokando ya barabara hiyo vibao vya vinyozi, vya mafundi magari, vya mama ntilie na vya maduka ya dawa viliandikwa kwa mkono na mafundi rangi waliojifunza kazi kwa kumtazama fundi mwingine. Hii ndiyo sanaa ya hadhara kwa maana pana kabisa. Inasomwa na maelfu kila siku. Ni shule ya hati, ya rangi na ya usemi wa mkato, na wanafunzi wetu wa isimujamii wanajua kwamba ni hazina ya Kiswahili cha wakati wake.

Na ndiyo inayotoweka bila kishindo. Bango lililochapwa kwa mashine kwenye turubai la plastiki limechukua nafasi ya kibao cha mbao, kwa kuwa hupatikana kwa siku moja na kwa bei nafuu. Basi likipakwa rangi mpya, maneno ya zamani hayabaki popote. Kisanamu cha Nguu cha miaka ya 1940 tunaweza kukifuata katika jarida, katika kitabu na katika makumbusho. Kibao cha kinyozi wa Korogwe cha miaka ya 1970 tutakifuata wapi?

Kuna sababu tatu za kuachwa huku. Ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyolindwa moja kwa moja, na kwa milango iliyonakshiwa ikaweka mwaka 1940. Mipaka ya namna hii ina mantiki yake, kwani sheria haiwezi kulinda kila kitu. Lakini matokeo yake ni kwamba sanaa ya mji wa reli, ambayo karibu yote ni ya baada ya miaka hiyo, haikuingia katika macho ya watunzaji.

Sababu ya pili ni ya kitabaka. Mchonga sanamu aliitwa msanii, walau na mnunuzi wake. Mwandika vibao aliitwa fundi. Fundi hulipwa, akamaliza kazi, akaondoka. Haweki jina. Watu wakamkumbuka kwa muda, kisha wakamsahau.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa taaluma za Kiswahili. Orodha za sanaa za Afrika zimejengwa juu ya safu moja iliyo kuu kuliko zote: safu ya kabila. Kitu hakiingii mpaka kimepata kabila. Mwana hiti huandikwa "Zigua" au "Kwere" au "Zaramo", hata pale ambapo umbo lake linavuka mipaka ya jamii hizo. Sasa, kibao kilichoandikwa Korogwe na fundi aliyetoka Songea, kwa ajili ya duka la mtu aliyetoka Upare, kwa lugha ya Kiswahili, ni cha kabila gani? Safu haina jibu, na kwa kuwa haina jibu kitu hutupwa nje. Kwa maneno mengine, sanaa hii imeachwa kwa sababu ni ya Kiswahili. Uleule mchanganyiko ambao sisi tunauhesabu kuwa fahari ya lugha hii, waorodheshaji waliuhesabu kuwa ukosefu wa asili.

6.0 Lugha ya orodha

Eneo hili lina mfano wa kale wa kumbukumbu iliyoandikwa kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi miaka mingi miongoni mwa Wakilindi, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kinachosimulia jinsi Mbega alivyotoka Nguu akafika Usambara, na habari za watawala waliomfuata. Kilichapishwa na misheni ya UMCA huko Magila kuanzia miaka ya 1890, kisha kikatolewa tena mwaka 1962 kwa uhariri wa J.W.T. Allen. Mwandishi wake hakuona kwamba habari za Wasambaa na Wanguu haziwezi kuandikwa mpaka zipate lugha ya Ulaya. Aliwaandikia watu ambao wangeweza kumsahihisha.

Orodha zilizofuata hazikuufuata mwendo huo. Allen huyohuyo, aliyekusanya miswada ya Kiswahili kwa bidii isiyo na mfano, alitoa katalogi yake ya miswada na kanda za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Leiden mwaka 1970, nayo ni kwa Kiingereza. Katalogi ya Ernst Dammann ya mwaka 1993 juu ya miswada iliyoko Ujerumani ni kwa Kijerumani. Chuo cha SOAS cha London kilipoweka miswada yake ya Kiswahili katika hifadhidata ya mtandaoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasomaji wa mbali walipata faida kubwa isiyopingika. Lakini hapo pia mtafutaji alipaswa kuingia kwa mlango wa Kiingereza ili afike kwenye Kiswahili.

Yapo yanayostahili kusifiwa. Maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania yaliyofanyika Berlin na Munich mwaka 1994 yalikuwa na jina la Kiswahili sambamba na la Kijerumani, yaani Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Neno "mabingwa" lilikuwa chaguo zuri, kwa kuwa liliwapa waundaji cheo cha ujuzi badala ya kuwaficha nyuma ya kabila.

Kwa nini lugha ya orodha ni suala zito? Kwa sababu katika hifadhidata neno ndilo mlango. Kitu kikiandikwa kwa jina la biashara ya Ulaya, kwa mfano "mwanasesere wa uzazi" katika lugha ya Kiingereza, bibi wa Handeni aliyekiita kwa jina jingine tangu ujana wake hatakikuta, wala mjukuu wake anayemtafutia kwenye simu hatakikuta. Kitakuwa wazi kwa ulimwengu, kimefungwa kwa mwenyewe. Uwazi usiopita katika lugha ya wenye kitu ni uwazi wa upande mmoja.

7.0 Hifadhidata na mashaka yake

Mwaka 2022 ulizinduliwa mradi wa Digital Benin, ambao wakati huo ulikuwa umekusanya katika tovuti moja taarifa za zaidi ya vitu 5,000 vya ufalme wa Benin vilivyotawanyika katika taasisi 131 za nchi 20. Mradi huo ulionyesha kwamba inawezekana kuwapa wenye mali ramani ya mali yao, na kwamba majina ya Kiedo yanaweza kuwekwa mbele badala ya kuwa nyongeza. Mfano huu ni wa kuigwa, lakini vitu vingi vya Benin vilikuwa vya ikulu, vikionyesha enzi ya mfalme. Visanamu vya Nguu vilikuwa vya kumfunda kijana. Ruwaza moja haiwezi kutosha kwa vyote viwili.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu unatoka Australia. Huko Tennant Creek, jamii ya Warumungu ilishirikiana na wasomi kuunda hifadhi ya kidijitali ya Mukurtu, iliyoanza kutumika mwaka 2007. Ndani yake jamii yenyewe huamua picha ipi ionwe na wote, ipi na wanawake peke yao, ipi na ukoo fulani. Kwa lugha yetu, kila kitu kimehifadhiwa pamoja na hadhara yake. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, nao unazitaka nchi ziruhusu urithi huo ufikiwe, lakini kwa kuheshimu desturi zinazoongoza nani afikie nini.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, zikiwamo za udongo na za kuchonga, na inahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa pale zinapotumiwa kwa nia ya faida na nje ya mazingira yake ya kimila. Angalieni pengo lililopo: hifadhidata ya chuo au ya makumbusho haiuzi kitu. Haina nia ya faida. Kwa hiyo yaweza kuweka wimbo wa unyago wa Handeni mbele ya ulimwengu bila kuvunja kifungu hicho.

Na jambo hili si la nadharia. Cory alifariki mwaka 1962. Kwa sheria ya Uingereza, ambako kitabu chake kilichapishwa, haki ya mwandishi hudumu miaka 70 baada ya mwaka wa kifo chake. Kuanzia Januari 2033 mtu yeyote huko ataweza kukichukua kitabu kizima, picha na nyimbo, na kukiweka mtandaoni. Haki ya aliyeandika ina tarehe ya mwisho. Haki ya waliofinyanga na walioimba haikuandikwa popote, kwa hiyo haina hata tarehe ya mwanzo. Muda uliobaki ni wa kutosha kwa makungwi na wazee wa Handeni na Korogwe kuulizwa wanataka nini, na ni mfupi kiasi kwamba wengi wa wanaokumbuka huenda wasiwepo kesho yake.

Wapo wengine wa kuulizwa. Wazigua waliopelekwa au kukimbilia Somalia katika karne ya 19 waliitunza lugha yao katika bonde la Juba. Vita vya miaka ya 1990 viliwarudisha baadhi yao Handeni, ambako makazi ya Chogo yalifunguliwa mwaka 2003 na wengi wakapata uraia wa Tanzania. Ndugu zao wengine walihamishiwa Marekani. Kwa hao, hifadhidata iliyo wazi inaweza kuwa njia ya pekee ya kuona tena kile ambacho bibi zao walikitaja. Je, tuwafungie kwa sababu hawakupita unyago wa Handeni, au tuwafungulie kwa sababu ni wa ukoo uleule? Hilo si swali la kujibiwa na mtaalamu wa kompyuta, wala na mhadhiri. Ni la wenye ukoo. Lakini chombo kisichoweza hata kuliuliza, kwa kuwa kinajua hali mbili tu za "wazi" na "fungwa", hakiwafai.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba kuorodhesha hakujawahi kuwa kazi isiyoegemea upande. Katika Handeni na Korogwe kulifungua kilichofungwa na kukipita kilichofunguliwa, na kote kuwili kulitumia lugha ambayo wenyewe hawakuisoma. Kwa kuhitimisha, mhadhara huu unatoa mapendekezo manne.

Kwanza, safu ya kabila isiwe mlango wa kuingilia. Nafasi yake ichukuliwe na mahali, aliyeunda na lugha, na kabila litajwe pale tu ambapo wenyewe wanalitaja. Hivyo kibao cha Korogwe na mwana hiti wa Handeni vitaweza kukaa katika orodha moja.

Pili, kila kitu kiandikwe pamoja na hadhara yake: kilikusudiwa kuonwa na nani, wakati gani, na nani leo ana kauli juu yake. Safu hii ijazwe kabla ya picha kupandishwa, si baada yake.

Tatu, maneno yahesabiwe kuwa sehemu ya kitu. Wimbo wa kisanamu, jina la kanga na usemi wa basi viandikwe kwa lugha yake, kisha Kiswahili, kisha lugha nyinginezo, kwa mpangilio huo.

Nne, kazi ianze na kilicho wazi. Hapa wanafunzi hawahitaji kibali cha mganga wala ufadhili wa ng'ambo. Wanahitaji kamera, daftari na adabu ya kumwuliza fundi rangi jina lake. Kilichofichwa kinaweza kusubiri mazungumzo na wenyewe, kwa kuwa nakala yake ipo makumbushoni. Kibao cha barabarani hakisubiri.

Kazi ya namna hii haitamaliza mjadala. Lakini itakuwa mara ya kwanza kwa orodha ya sanaa ya eneo hili kuanza na swali ambalo kila kungwi huanza nalo kabla ya kufunua chochote: waliopo hapa ni akina nani?